Shamba Chafu la Madam

Shamba chafu kuliko yote kwenye barabara yetu ya Kachibora lilikuwa la mwalimu wa kilimo. Naanza hapo kwa sababu ndipo kila mtu alipoanzia. Mgeni akija kwetu, kabla hajaonyeshwa kanisa wala soko, alipelekwa kwanza kuona lile shamba: mabua ya ngano ya mwaka jana yamelala ovyo, ya mwaka juzi yanaoza chini yake, na ngano mpya inachungulia katikati ya takataka. Halafu anaambiwa, "Na huyu ndiye alikuwa anafunza watoto wetu kulima." Watu wanacheka. Mimi nilicheka pamoja nao na sitaomba msamaha, maana lilikuwa linachekesha kweli.

Tulimwita Madam. Alikuwa amestaafu kitambo, na watoto aliowafundisha wameshazaa wao, lakini sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lingine. Hata chifu alimwita Madam, na akimwita alivua kofia. Mke wangu, Mama Nekesa, alikaa darasani mwake miaka yote ya sekondari, na mpaka leo ukitaja Madam anaketi wima kwenye kiti.

Sasa mnijue na mimi, msije mkafikiri nasimulia kama shabiki wake. Mimi ni mtu wa trekta. Nilitoka Kimilili nikiwa kijana kufuata kazi ya kulima huku Trans-Nzoia, na trekta imenilea mimi na watoto wangu. Machoni pangu hakuna kitu kizuri kama shamba lililogeuzwa na diski mara mbili, likapigwa haro ya kusawazisha, likalala jekundu, safi, bila jani hata moja. Kwetu mtu anapimwa kwa hilo. Ukienda kuposa, wazee wanapita kwanza kwenye shamba lako, na kama lina majani wanaanza kukuuliza maswali mengine.

Madam hakutaka plau. Si kwamba alikosa jinsi ya kulipia, hakutaka tu. Alikuwa na chuma kimoja chembamba alichotengenezewa na fundi Kitale, tukakiita ripa. Trekta inakivuta, kinapasua mstari mwembamba ardhini, mbegu na mbolea zinaingia humo, kwisha. Sehemu iliyobaki haiguswi. Kwa jirani yake nilipita na trekta mara tatu, kwake mara moja. Kila msimu aliniita, na kila msimu nilimwambia kwamba anaharibu kazi.

"Madam, hii si kulima. Hii ni kukwaruza."

"Ndiyo, kwaruza basi. Na uende polepole, usinifunike mabua."

Mabua yenyewe ndiyo yalikuwa roho yake. Hoja yake, ambayo aliirudia mpaka mbuzi wakaijua, ni kwamba mvua za siku hizi si za kutegemea. Zinachelewa, zinakuja kwa hasira, halafu zinakatika ngano ikiwa inataka kutoa masuke. Kwa hiyo maji yakianguka lazima yaingie chini siku hiyohiyo na yabaki huko. Udongo uliogeuzwa unakauka kwa jua. Na chini pale diski inapoishia, mwaka baada ya mwaka, panakuwa pagumu kama sakafu, maji yanagonga na kukimbilia barabarani. Udongo uliofunikwa na mabua unayapokea maji na kuyashika. Hiyo ndiyo imani yake yote, na aliishi nayo kwa ubishi ambao sijaona kwa mtu mwingine, na mimi nimeishi na watu wabishi.

Usidhani alikuwa mpole mwenye hekima zake za pembeni. Alikuwa mkali, mwenye maringo, na alipenda kushinda. Aliingia shambani mwako bila kuitwa. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na Biblia, peremende, na kisu cha jikoni kilichoisha makali. Anachuchumaa, anachimba kwa kile kisu, anachukua udongo kiganjani na kuuminya. Ukishikamana anaitikia kwa kichwa na kuendelea na safari. Ukimwagika kati ya vidole anakuangalia wewe, si udongo. Nimewahi kumwona akimfanyia hivyo bwana mmoja aliyekuwa na kombaini mbili na suti, na bwana yule akajikuta anajitetea.

Mambo mengine yake hayakupatana kabisa. Yeye aliyekuwa akilia tone la mvua likipotea, alioga karai zima asubuhi na karai zima jioni, iwe masika au kiangazi. Mama Nekesa alimtania siku moja juu ya hilo. Madam akajibu, "Maji ya mwili ni ya mwili, maji ya shamba ni ya shamba. Usichanganye idara." Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na chai yake ungeweza kusimamisha kijiko ndani. Alisema udongo ni kitu hai, lakini magugu aliyapiga dawa bila huruma. Nilipomuuliza, alisema hajawahi kumwambia mtu kwamba yeye ni malaika.

Alikosea pia, na alikosea hadharani. Msimu wake wa kwanza wa mabua, ngano ilichomoza vizuri halafu ikageuka njano, shamba zima. Sisi tulikuwa tunaegesha pikipiki barabarani kuangalia. Mzee wa kanisa, yule mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote, alisimama kwenye ua wa Madam akamwambia mbele ya watu, "Madam, si uache hii maneno ya vitabu. Ona vile inakufa."

Yeye alikuwa ameshachimba akajua. Mabua yakianza kuoza yanakula mbolea kabla ngano haijaonja, kwa hiyo mwaka ule wa kwanza alihitaji kuongeza mbolea wakati wa kupanda, na hakuongeza. Mtu mwingine angejifungia ndani. Madam aliweka mikono kiunoni akasema, "Nimekosea mbolea. Sijakosea mabua." Akavuna kidogo sana mwaka huo, na mabua yale kidogo akayatandaza tena.

Kazi ya kutandaza aliifanya mwenyewe. Kombaini ikivuna inaacha mabua yamejipanga safu, hapa mengi, hapa hakuna. Basi yeye alitembea nyuma yake na reki, kofia ya majani kichwani, akiyasambaza kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Dereva wa kombaini alimwambia apunguze presha. Akamjibu kwamba presha yake iko sawa, yeye dereva akate juu kidogo, mabua yabaki marefu.

Kanisani ndiko alikotutia joto kabisa. Mwaka mmoja kiangazi kilikaa, na Mzee wa kanisa akatangaza siku ya kufunga na kuomba mvua. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Madam akasimama, na mkewe mchungaji akafumba macho kabla hata hajasikia.

"Mimi nitashukuru," Madam akasema. "Kuomba, hapana. Mungu ameleta mvua mwezi wa nne, mimi niliiona. Mmeimwaga. Iko kwa mto huko. Sasa mnarudi kwake na bakuli tupu ati hakuwapa."

Mzee wa kanisa akasema, "Madam, hapa ni kwa Bwana, si darasani."

"Basi mwambieni Bwana ukweli."

Aliketi, akaimba nyimbo zote mpaka mwisho kwa sauti ya juu, na akafunga pamoja na wengine. Nilimwona kwa macho yangu akikataa uji. Nilikasirika sana siku ile, maana sikujua kama alikuwa upande wetu au la. Neno lake lakini lilibaki mitaani. Mvua kubwa ikinyesha na barabara ikageuka mto mwekundu, utasikia mtu kwenye kibaraza cha duka anasema, "Mmeimwaga," na wote wanajua ni nani anayeigwa.

Nifike sasa kwenye kisa cha ng'ombe, maana bila hicho hutamwelewa.

Kwetu, mavuno yakishatoka, mtu anafungua shamba. Anang'oa miti miwili ya ua, panabaki pengo, na ng'ombe wa jirani yeyote wanaingia kula mabua mpaka mvua irudi. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Tuliikuta. Wewe unafungua kwako, mimi nafungua kwangu, na asiyefungua tunamwona ana kinyongo au uchawi. Madam hakufungua. Tulimvumilia mwanzoni tukidhani ni ujane, mumewe alikuwa amefariki karibuni. Halafu kikaja kiangazi kibaya, nyasi zikaisha kila mahali, na pale kwake mabua yamejaa, hayaliwi na mtu wala mnyama. Hana hata ng'ombe mmoja. Hebu fikiria hasira za watu.

Asubuhi moja Mzee wa kanisa na wenzake walileta ng'ombe. Walikuwa wameng'oa ile miti miwili jana yake. Walipofika walikuta pengo liko vilevile, na katikati yake kuna kiti cha mbao. Shule ilikuwa imempa kiti hicho siku ya kustaafu. Walitaka kumpa saa ya ukutani, akasema saa anayo, wampe kiti alichokalia. Juu ya kiti yuko Madam na mwavuli wake, mkoba magotini.

Ng'ombe walisimama. Watu wakasimama nyuma ya ng'ombe. Mimi nilikuwa napita na trekta nikasimama pia, na ikabidi chifu aitwe.

"Madam, hiyo majani unafanyia nini?" Mzee wa kanisa aliuliza chifu alipofika. "Hauna hata ng'ombe moja."

"Ndiyo maana nayataka yote."

"Sasa ng'ombe zetu zikule nini?"

"Hizo ng'ombe sikuzizaa mimi."

Watu wakacheka, hata wenye ng'ombe. Chifu akaona mahali pa kuingilia. "Madam, kwa ajili ya amani tu, si utoe nusu?"

"Chifu, hilo shati lako zuri. Nikitoa nusu yake utarudi nyumbani umevaa nini?"

Chifu alivua kofia akaivaa tena. Mwishowe Madam mwenyewe ndiye aliyetoa njia. Alisema msimu ukianza atapanda nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, kuzunguka mpaka wote, ndani ya ardhi yake, na kila mwenye ng'ombe atakuja kukata bila kuomba ruhusa. Lakini mabua hayaguswi, leo wala kesho. Kiangazi kile kilichobaki alikaa kwenye lile pengo kila asubuhi, na ng'ombe wakazoea kupita mbali. Nepia akaipanda kweli, ikastawi, na watu wakawa wanaikata huku wakimsengenya. Maziwa aliendelea kununua kwa Mzee wa kanisa. Jioni baada ya ugomvi ule, chupa ya maziwa ilifika mlangoni kwake kama kawaida, imejaa.

Halafu kukaja mwaka ambao mvua ilikatika mwezi wa saba. Haikupungua, ilikatika. Ngano ilikuwa inatoa masuke, ndiyo saa inapotaka maji kuliko saa nyingine yoyote. Kwangu, nilikopanda kwenye udongo safi nilioulima mwenyewe kwa fahari, majani yalijikunja kuanzia chini. Kwa jirani ilikuwa hivyohivyo. Ukisimama barabarani unaona mashamba yote yamepauka, na lile chafu katikati limekaa kijani.

Madam alikuja kwangu na kisu. Alichimba hapo nilipokuwa nimesimama, akaminya, vumbi likamwagika kati ya vidole. Akanishika mkono wa shati akanivuta mpaka kwake, akafunua mabua kwa mguu, akachimba, akanitia udongo kiganjani. Ulikuwa baridi. Niliuminya ukashikamana, ukabaki na alama ya vidole vyangu.

"Sema," akaniambia.

"Labda fuko amekojoa hapa," nikasema.

Alicheka mpaka akashika ua. Niwe mkweli, ngano yake haikuwa ya ajabu mwaka ule. Punje zilikuwa ndogo, na alivuna chini ya kawaida yake. Lakini alivuna. Sisi wengine tulikuwa na mapepe matupu, kombaini ikapita kwetu kwa adabu tu. Watu wawili watatu walianza kuacha mabua. Wengine walisema ni bahati, au ni udongo wa upande ule, au ni yale maharagwe anayoletewa kutoka Lwakhakha na kupanda kila baada ya ngano. Mimi nilisema ni yote hayo, nikaendelea kulima, kwa sababu kazi ni kazi na watu bado walinitaka.

Miguu ndiyo iliyomshinda. Ilivimba, akawa anatembea kwa fimbo, halafu kwa fimbo na ukuta. Mwanawe, anayefanya kazi ofisini Bungoma, alikuja na gari akamchukua. Ni kijana mzuri, sina neno baya juu yake. Lakini hakuwa na nafasi ya shamba, na Madam hakuwa tena na miguu ya kufuata kombaini. Msimu mmoja lilikaa bure. Kisha tukasikia mwanawe amelikodisha kwa tajiri mmoja wa mahindi wa Kitale, na tajiri huyo akanipigia simu. Alitaka lilimwe lote kwa diski, mara mbili, mpaka kwenye mpaka, nepia ing'olewe, mabua yageuzwe yazikwe.

Nilikubali. Mtu akinipa shamba nilime, nalima. Lakini siku zilivyosogea nikawa sili vizuri, na Mama Nekesa alikuwa ananiwekea chakula bila kuniangalia. Nikaona bora niende Bungoma nimwambie mwenyewe.

Nilielekezwa mtaa tu, nyumba sikuhitaji kuulizia. Kulikuwa na nyua nzuri zilizofagiliwa, na mmoja mchafu, nyasi kavu zimetandazwa chini ya sukuma wiki mpaka mlangoni. Mkaza mwana wake alinifungulia akaanza kwa kuomba radhi juu ya ule uwanja. Nikamwambia asijali, nimeuzoea.

Madam alikuwa ameketi karibu na dirisha, miguu juu ya stuli. Alikuwa amekonda usoni. Macho yalikuwa yaleyale.

"Baba Nekesa. Umekuja na trekta?"

"Hapana Madam, nimeiacha."

"Mama Nekesa hajambo?"

"Ako tu sawa. Anakusalimia."

Alingoja mkaza mwana atoke, akanionyesha bakuli la sukari kwa kidevu. Nikamtilia chai yake kama anavyopenda. Halafu nikamwambia yote: tajiri, diski, nepia, na kwamba naanza Jumatatu. Sikuzunguka.

"Diski mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili. Halafu haro."

Alikoroga chai muda mrefu. "Ungeniambia kwa simu."

"Haya si ya simu, Madam."

"Sasa unataka nini kwangu? Nikubariki?"

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimesafiri kutoka Kachibora nikingoja matusi, nijibu, tugombane kama zamani, nirudi nyumbani nimepona. Hakunitukana. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ule udongo ulimchukua maisha yake yote ya kustaafu kuufanya ule ninaoujua, na kwamba diski itaumaliza kabla ya chakula cha mchana. Kisha akanirudishia kikombe.

"Nenda ukafanye kazi yako, Baba Nekesa. Na mimi nifanye yangu."

Nilirudi na uchungu. Nilimwona amekubali kushindwa, na iliniuma kuliko kama ningekuwa mimi. Jumapili sikwenda kanisani. Mama Nekesa alienda, akarudi amefunga mdomo kwa namna ambayo ningepaswa kuitilia shaka.

Jumatatu niliwasha trekta jua likichomoza, nikafunga diski, nikashuka barabara. Pengo lilikuwa wazi. Katikati kulikuwa na kile kiti cha mbao, na juu yake Madam, mwavuli, mkoba magotini, miguu iliyovimba ndani ya soksi za mwanaume. Nyuma yake alisimama Mzee wa kanisa, ameegemea fimbo yake.

Sikuamini. "Madam umefikaje hapa?"

"Nilipanda matatu jana, nikaja kanisani. Nililala kwa huyu."

Nikamgeukia Mzee. "Na wewe pia?"

"Mimi si mtu wa Madam," Mzee akasema kwa hasira, kama mtu aliyesingiziwa. "Nilibeba kiti tu. Lakini huyu tajiri amepita hapa mara tatu hajasalimia mtu. Na hii nepia iking'olewa, ng'ombe zangu zitakula suti yake?"

Trekta ilikuwa bado inanguruma chini yangu. Madam hakuniambia nisimame. Hakunyanyua hata mkono. Alikuwa ananiangalia tu, jinsi anavyomwangalia mtu ambaye udongo wake umemwagika kati ya vidole. Tajiri alifika na gari lake, akashuka, akauliza ni kitu gani kinaendelea na kwa nini kazi haijaanza.

Nikazima injini. "Trekta imeharibika," nikasema.

"Nimeisikia ikinguruma kutoka barabarani."

"Ndiyo hapo ilipoharibikia."

Akasema kuna trekta nyingine Kachibora. Nikamwambia atafute. Sisi watu wa trekta tunajuana, na kabla hajafika kwenye gari lake nilikuwa nimeshapiga simu mahali panapotakiwa. Kufikia saa nne trekta zote za Kachibora zilikuwa zimeharibika, nyingine za watu ambao wana deni la ugomvi na mimi mpaka leo.

Mwanawe alipiga simu, na sisi sote tulisikia upande wa mama.

"Niko kazini," akasema. Akasikiliza. "Sijatoroka. Mtu mzima hatoroki, anaondoka." Akasikiliza tena. "Njoo basi."

Alikuja adhuhuri, na tai shingoni, amekasirika na ana haki ya kukasirika. Aliongea na tajiri kando ya barabara kwa muda mrefu. Kisha akaja akakaa chini kwenye mabua, kando ya kiti cha mamake, akaegemeza kichwa.

"Mama, na hizi miguu. Nani atakuangalia hapa?"

Nilidhani Madam atamjibu. Mzee wa kanisa ndiye aliyejibu, tena kwa ukali. "Sisi tumekufa?"

Kijana akainuka, akamwambia tajiri kwamba shamba halikodishwi tena, pesa zake atarudishiwa. Tajiri aliondoka bila kuaga, na Mzee akalitaja hilo siku nzima. Jioni nilifungua diski, nikaenda kuitoa ile ripa kwenye banda la Madam. Ilikuwa na kutu, nikaisugua. Mtu asifikirie nimeokoka. Bado naamini shamba safi ni shamba zuri, na kwangu nimelima mara mbili kama kawaida. Lakini lile si langu, na miaka yote nimekuwa nikilikwaruza tu, sikuona sababu ya kuanza kulilima leo.

Madam amebaki. Binti wa Mzee analala kwake, mwanawe anakuja Jumamosi na dawa, na sukari anafichiwa mahali ambapo anapajua. Asubuhi wanamtoa na kiti mpaka kwenye pengo.

Mvua ya kwanza imenyesha juzi. Ilikuja kwa fujo, ya kupiga mabati mpaka hamsikilizani. Ilipotulia nilitoka kuangalia. Kwangu maji yalikuwa yanatoka chini ya ua, mazito, mekundu, yamebeba udongo wangu kuelekea mtoni. Nikayafuata mpaka barabarani, nikashuka nayo hadi kwenye pengo la Madam. Yeye alikuwa ameshatolewa nje, amefunikwa blanketi, mwavuli juu. Nilisimama pale nikiangalia chini, mahali ambapo maji ya shamba kubwa namna ile yangepaswa kutokea. Mabua yalikuwa yamelowa. Ardhi mbele ya kiti chake ilikuwa haina hata mfereji.

"Unatafuta nini, Baba Nekesa?"

"Natafuta maji yako. Sioni yakitoka."

"Hayatoki," akasema. "Yameingia kazini."